Sahani Mbili za Mama Laboratoire

Ukitaka kumkasirisha Mama Laboratoire, mwambie kwamba kitu fulani ni kizuri kwa sababu imeandikwa hivyo kwenye chupa. Ataweka kikombe chini. Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, ataivaa tena. Halafu atakuuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Imeandikwa na nani?" Ukijibu kwamba hujui, labda ni watu wa kiwanda, atatikisa kichwa na kusema neno lake ambalo mtaa mzima wa Panda tumelikariri: "Étiquette ni mudomo ya mwenye kuuzisha." Yaani kibandiko ni mdomo wa muuzaji.

Ni jirani yetu. Ukuta wa nyumba yake na wa nyumba yetu ni mmoja, maana nyumba hizi za kambi ya wafanyakazi zilijengwa mbili mbili, na ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakupa pole. Miaka mingi alifanya kazi katika maabara, laboratoire ya kiwanda cha shaba, akipima mawe na udongo uliotoka migodini. Kiwanda kilipopunguza watu alirudishwa nyumbani, lakini jina lilibaki. Kwetu ndivyo ilivyo. Tuna Tata Chauffeur ambaye hajashika usukani tangu nikiwa msichana, na tuna Mama Cantine ambaye siku hizi analishwa na watoto wake.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, mbele ya mlango, na kutoka hapo naona kila anayeingia na kutoka kwa Mama Laboratoire. Sioni haya kusema kwamba napenda kuona.

Kazi yake alitueleza mara nyingi, na kila mara alitumia mikono. Gunia linafika, limefungiwa karatasi inayosema ndani kuna shaba kiasi gani. Karatasi haiguswi. Gunia linamwagwa lote chini, linakorogwa, linarundikwa, rundo linasawazishwa na kukatwa sehemu nne. Sehemu mbili zinazotazamana zinatupwa, mbili zinazobaki zinakorogwa tena, na hivyo hivyo mpaka unabaki na kiganja kimoja. Hicho kiganja ndicho kinachopimwa, tena mara mbili, na vipimo viwili visipokubaliana hakuna anayeandika kitu. Alipokuwa akisimulia, viganja vyake vilikuwa vinakata rundo lisilokuwepo juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na mimi nilikuwa nazuia chaki isianguke.

Basi mtu wa namna hiyo mpeleke sokoni. Wauza maharage wanamjua. Hatazami yale ya juu yaliyopangwa kupendeza, anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuibuka na yale ya chini, yenye wadudu na vijiwe. Wakimwona anakuja wanaambizana, "Analyse inakuya!", kipimo kinakuja, na wengine wanafunika beseni kwa haraka. Yeye anacheka tu. Hajawahi kumtukana muuzaji hata mmoja, na hilo namsifu, maana mimi hapo ningekuwa nimeshachafua hewa.

Ile tabia ya mara mbili ilimganda hata nje ya kazi. Chai anakoroga, anaonja, anakoroga, anaonja. Mlango anafunga, anaenda hatua chache, anarudi kuusukuma. Na salamu zake pia ni mbili. Ukiingia kwake atakuuliza, "Uko muzuri?" Utajibu kwamba uko mzuri, kama tunavyojibu wote hata mtu akiwa amebebwa kwa machela. Mtaongea, mtakula karanga, mtasengenya kidogo. Ukishasimama kuaga, umefika mlangoni, atakuuliza tena, polepole, akikutazama machoni: "Uko muzuri?" Wageni hushangaa na kudhani amesahau. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Alijibu, "Ya kwanza ni salamu. Ya pili, njo nauliza." Yaani hiyo ya pili ndiyo swali lenyewe.

Usidhani ni mtu wa kunyooka kila upande. Adui huyu wa vibandiko amebandika vibandiko nyumba nzima, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kopo la chumvi limeandikwa chumvi, la sukari sukari, la maharage limeandikwa maharage na mahali yalikotoka. Hata saa ya ukutani ina karatasi inayosema inakwenda mbele. Tulipomcheka alisema hivyo ni vibandiko vyake, na yeye anajifahamu. Basi siku moja alitupikia chai, mimi na mama yangu na mapadri wawili waliokuja kutembelea wagonjwa. Padri mzee alionja, akamtazama mwenzake. Chai ilikuwa ya chumvi. Makopo yalikuwa yamebadilishana vifuniko wakati wa kufagia. Mama Laboratoire alionja naye, akameza, na kwa kiburi cha kutoshindwa na kopo lake mwenyewe akainywa yote mpaka tone la mwisho. Kisha akasema, "Mumeona? Na yangu pia inaweza kudanganya." Mama yangu alicheka mpaka akatoka nje.

Anatuhubiria kila siku tule lengalenga, matembele, maharage, papai na samaki wadogo wa mto Lufira, kwamba vitamini za mtu ziko kwenye sufuria. Yeye mwenyewe majani hapendi. Namwona jioni barazani na mkate wake na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Anakataa chupa za dukani zenye maandishi ya lugha tatu, lakini chini ya kitanda ana chupa ya dawa ya mizizi, ya rangi ya udongo, haina neno hata moja, alipewa na mama mmoja wa kabila la Wabemba. Nilimwuliza, na hiyo je? Alijibu bila kupepesa: "Ile haijaniambia kitu. Haijaniongopea." Padri naye alimtania kuhusu maji ya baraka, kama ameshayapima. Alisema, "Ile haiuzishiwe, mon père." Maji ya baraka kweli hayauzwi, na padri akacheka.

Wala si kwamba anachukia vitamini. Wauguzi wa kituo cha afya wakipita na yale matone ya vitamini kwa watoto wadogo, yeye ndiye wa kwanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaita akina mama. Anawashika watoto mashavu mpaka wafungue midomo. Wajawazito wakipewa vidonge vya damu kituoni, anawauliza kila wiki kama wamemeza. Anasema vile vimetoka mahali panapojulikana, vimetolewa na mtu anayejua kwa nini anavitoa, na ukipata shida unajua mlango wa kubisha. Zile za ndoo ndizo zinazomnyima usingizi.

Zile za ndoo ni hizi: mtu anapita na ndoo kichwani au na kipaza sauti begani, ndani kuna chupa na paketi zenye picha za machungwa na watoto wanene. Sokoni yuko kijana mmoja ambaye sauti yake inasikika mpaka njia ya reli. Siku hiyo tulikuwa pamoja, nimekwenda kununua zipu. Kijana anapiga kelele, "Vitamine ya kweli! Inaponesha mugongo, macho, nguvu ya bwana, na mémoire ya batoto, basisahau masomo!" Mama Laboratoire akasimama. Nikajua leo hatufiki nyumbani mapema.

"Mwana," akamwambia, "kidonge ni kimoja?"

"Kimoja tu, mama. Asubui na mangaribi."

"Sasa kikifika mu tumbo, kinajua namna gani ni mugongo njo inauma, hapana mémoire?"

Watu wakaanza kucheka. Kijana naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama, mumesoma sana!"

"Nimesoma paka kidogo tu. Njo maana nauliza. Ndani muko nini, na kiasi gani?"

Kijana akageuza chupa, akaitazama kana kwamba anaiona mara ya kwanza. "Imeandikwa vitamine," akasema. Mama Laboratoire alimshukuru, tukaondoka. Njiani mimi nilikuwa bado nacheka. Sikujua kwamba chupa za namna ile zilikuwa zimeshaingia nyumbani kwetu.

Sasa nifike kwa mdogo wangu Hortense, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya yote.

Hortense ni mwembamba. Alizaliwa hivyo, baba yetu alikuwa hivyo, na angekula bukari, ugali wetu, sufuria nzima bado ungehesabu mbavu zake. Aliposwa na kijana anayefanya kazi Kakanda, mama alifurahi siku mbili, ya tatu akashika tama. Kwetu msichana akikaribia ndoa hufungiwa ndani. Haendi sokoni, hachoti maji, hapigwi na jua. Analala, anakula, anapakwa mafuta, ili siku ya kutoka aonekane amejaa na kung'aa. Wakwe humtazama bibi arusi na kusoma mwilini mwake jinsi nyumba yake ilivyomlea. Mama yangu aliuza unga sokoni maisha yake yote ili tushibe. Kumtoa Hortense akiwa mifupa mbele ya watu wa Kakanda ilikuwa kwake kusema kwamba alitunyima chakula.

Akapita mama mmoja wa kanisa lake na ndoo. Chupa ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye mashavu ya mviringo. "Ni vitamine ya kunonesha," alisema, "hata mwana yangu njo anakunywa." Na alisema kweli, binti yake alikuwa anavitumia. Huyo mama hakuwa tapeli. Aliamini ndoo yake kuliko sisi, na mama yangu akanunua.

Jamani, Hortense alinona! Kila alipovaa lile gauni la arusi nililokuwa namshonea, ilinibidi kulegeza kiuno. Uso ulijaa ukawa mviringo, shingo ikajaa, tumbo likatoka. Majirani walikuja kumwona na kupiga vigelegele. Mama alikuwa anapita na bakuli za karanga, kichwa juu. Kitu kimoja tu kilinitatiza mimi mshonaji: mikono ya gauni haikuhitaji kulegezwa. Mikono ilibaki ile ile, myembamba, hata ikazidi kukonda. Nikadhani ni kitambaa.

Mama Laboratoire naye alikuja, kama jirani. Wenzake walikuwa wanamshika Hortense mashavu. Yeye aliketi, akatupa jicho miguuni mwa Hortense, akaliacha huko kitambo. Aliuliza, "Uko muzuri, mwana?" Hortense akatabasamu, "Niko muzuri, mama." Akala karanga. Akasifia gauni langu. Wengine wakaaga, yeye akabaki nyuma. Akafika mlangoni, akashika mwimo, akageuka.

"Uko muzuri?"

Hortense alifungua mdomo ili ajibu kama kawaida. Badala ya jibu yakatoka machozi.

"Silale, mama," alisema. "Moyo inapiga sana. Nakunywa maji, nakunywa, kiu haishe. Na migulu haina nguvu, hata kusimama mu kiti ni paka kujisukuma na mikono."

Mama yangu alisimama na bakuli mkononi. Hakuwa anajua hata moja kati ya hayo. Mdogo wangu alikuwa amekaa kimya, kwa kuwa vigelegele vilikuwa vingi na mama alikuwa na furaha.

Mama Laboratoire akarudi ndani, akaketi tena. "Anakula nini?"

Chupa ikaletwa. Mama akasema haraka, "Shi ni vitamine! Imeandikwa pale."

Nilingoja lile neno lake kuhusu mdomo wa muuzaji. Hakulisema. Aliuliza kama kuna mwingine mtaani aliyenunua chupa kama hiyo kwa mama yule yule. Nikamtaja jirani wa nyumba ya tatu. "Enda uikope," akaniambia, "na ulete sahani mbili nyeupe."

Nilikimbia. Niliporudi alizipanga sahani mezani bega kwa bega. Chupa zilikuwa mapacha: picha ile ile, maneno yale yale, rangi ile ile. Akamwaga ya Hortense kwenye sahani ya kwanza, na ya jirani kwenye ya pili. Akasogea pembeni ili mama aone.

Sahani ya kwanza ilikuwa na vidonge vidogo, vyeupe. Ya pili ilikuwa na vikubwa zaidi, vya manjano, vyenye mstari katikati.

Mama aliinama, akavitazama hivi, akavitazama vile, akasoma tena chupa zote mbili, midomo ikicheza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Vitamine ni ipi?"

"Minye sijue," alisema Mama Laboratoire. "Ile kutojua njo inaniogopesha."

Mama alinyakua sahani zote mbili ili akavitupe chooni vyote. Mama Laboratoire alimshika mkono, na hapo ndipo nilipomwona ana haraka kwa mara ya kwanza. "Hapana! Usitupe. Na yeye asikate dawa kwa kichwa yake mwenyewe. Iko dawa ingine, mwili ikishazoea, ukikata mara moja inaanguka. Tunaenda ku hôpital, sasa hivi, na chupa zote mbili."

Sasa mama akakumbuka wakwe. Arusi ilikuwa karibu, watu walikuwa wameshaalikwa. Hospitali ni mahali pa macho na midomo. "Batasema tunabapatia mwana mugonjwa," alilia. "Tungoje kwanza arusi ipite. Kiisha nitamupeleka minye mwenyewe."

Hortense alikuwa amekaa kati yao, uso wa mviringo, anapumua kwa mdomo. Nilimtazama nikaona kwamba naweza kumpoteza mdogo wangu kwa ajili ya mashavu.

Mama Laboratoire hakubishana. Alikwenda kwake. Alirudi amevaa kikwembe chake cha misa, mkoba mweusi kwapani. "Mama," alimwambia mama yangu kwa heshima yote, "minye naenda mbele. Kila muntu atanionaka, atasema naenda ku misa. Mwenye anataka kufuata, anifuate." Akatoka na chupa mbili ndani ya mkoba. Hortense akajisukuma kwa mikono akasimama, akamfuata. Nikamshika upande mmoja. Tulipofika kona niligeuka, nikamwona mama anakuja nyuma, kichwa wazi, amesahau hata kilemba.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Alipima, akapima tena. Sukari ilikuwa juu, tension ya damu ilikuwa juu. Akatazama vile vidonge vyeupe kiganjani, akasema vinafanana na dawa kali ya kutuliza uvimbe na pumu, ile inayojaza uso na tumbo na kula nyama ya mikono na mapaja. "Lakini bila analyse siwezi kuapa," akaongeza. "Nitamutunza kufuatana na vile mwili yake inaonyesha." Mama Laboratoire aliniinamia sikioni: "Huyu amesoma." Daktari alimlaza Hortense, na akamtoa katika dawa ile kidogo kidogo, kwa kumpima kila wakati. Alitueleza kwamba tungekata ghafla nyumbani, au tungengoja arusi ipite, labda tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mama alitoka nje ya chumba, akaenda kuegemea ukuta.

Wakwe walikuja hospitalini. Mama yangu alijificha nyuma yangu, kweli kabisa, mtu mzima. Mama wa bwana arusi alimtazama Hortense kitandani akauliza, "Shi tulisikia amenona sana?"

Mama Laboratoire alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, anamenya chungwa. "Haikukuwa kunona. Ilikuwa kuvimba. Tulitaka kubafurahisha, ba mama, na tulikosa." Alisema tulitaka, tulikosa, ingawa yeye hakukosa lolote. Hilo sitalisahau.

Bwana arusi mwenyewe, kijana mpole ambaye hata sauti yake nilikuwa sijaisikia vizuri, akauliza, "Lakini nani alibaambia minye nilitaka munono?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama zetu wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa wamehangaikia jicho la mwenzake. Hortense akaanza kucheka pale kitandani, kisha mama wa bwana arusi naye akacheka, na mwisho mama yangu akatoka nyuma yangu akiwa analia na kucheka pamoja.

Arusi iliahirishwa, ikafanyika baadaye. Gauni nililokuwa nimelilegeza kila mara, nililibana pande zote mbili, na aliyekuwa ananishikia pini ni Mama Laboratoire, miwani puani, akikagua kila mshono mara mbili na kunitia wazimu. Hortense alitoka mwembamba kama baba yetu. Alipendeza mno. Yule mama wa ndoo alikuwepo pia, bila ndoo. Binti yake alikuwa amepelekwa hospitali baada ya Hortense, na Mama Laboratoire ndiye aliyemsindikiza, na kikwembe kile kile cha misa.

Mama yangu, kwa aibu, alipita miezi akimkwepa jirani yake. Alikuwa akizungukia nyuma ya nyumba ili wasikutane. Mama Laboratoire hakumfuata. Alikuwa anaongea kwa sauti upande wake wa ukuta, kuhusu hali ya hewa, kuhusu umeme wa bwawa la Mwadingusha unaokatika kila tukitaka kupiga pasi, mpaka siku moja mama akajibu kutoka upande wetu, "Hata huku umekatika." Kesho yake alimpelekea unga. Mpaka leo unga wa Mama Laboratoire hautoki sokoni, unatoka kwetu, na anaumwaga na kuuchambua mbele ya macho yetu bila haya. Mama siku hizi anamsaidia.

Nimefaidi sana kuishi karibu naye. Mdogo wangu yu hai, na mimi nimejifunza kusema sijui bila kuona aibu. Mteja akiniuliza kama kitambaa kitachuja rangi, nakata kipande, nakiloweka, nampa jibu kesho. Wananiita mkaidi. Nafurahi kuitwa hivyo.

Juzi Hortense alikuja kutoka Kakanda na mwanawe mgongoni, tukaingia kwa Mama Laboratoire pamoja. Macho yake yamefanya utando, vibandiko vyake hasomi tena, makopo anayajua kwa kunusa. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya vitamini ambayo mwanawe wa kiume alimtumia kutoka ng'ambo, ina picha ya wazee wenye mvi wanaokimbia. Haijafunguliwa.

"Mwana ananiuliza mu téléphone kama iko muzuri," alisema. "Namwambia iko muzuri sana. Na iko muzuri. Shi iko pale?"

Tulicheka. Alimpakata mtoto, akampapasa miguu, akaridhika. Hortense alikuwa amemwuliza tulipoingia, "Muko muzuri, mama?" naye akajibu, "Niko muzuri, mwana, na weye?" Chai ikaja, haikuwa na chumvi. Tukaongea mpaka jua likahama barazani. Nilipowasha simu nione saa, tukasimama. Hortense akamfunga mtoto mgongoni, tukaaga. Alifika mlangoni, akashika mwimo, akageuka.

"Muko muzuri?"

Mikono ya Mama Laboratoire ilikuwa magotini, na viganja vikaanza kusogea taratibu juu ya kikwembe kama anasawazisha kitu. Nilidhani hakusikia.

"Hapana, mwana," alisema. "Nimeanguka mu douche, nikioga, tena na tena. Kichwa inazunguka. Sikutaka mujue."

Mimi ninayemwona kila siku kutoka kwenye cherehani yangu nilikuwa sijaona. Hortense hakusema pole wala hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua, akatoa kikwembe cha misa akamwekea mapajani. Akatoa mkoba mweusi. Akachukua ile chupa ya ng'ambo mezani, na akapiga magoti akavuta chini ya kitanda ile ya mizizi isiyo na neno, akazitia zote mbili mkobani, daktari azione.

"Minye naenda mbele," alisema, mkoba kwapani. "Bantu batasema naenda ku misa."

Mama Laboratoire alicheka mpaka miwani ikamteleza. Kisha akanyoosha mguu, akaanza kutafuta viatu vyake.